Namna ya Kuipima Kampuni ya Kupunguza Madeni Nchini Marekani Kabla Hujaweka Saini

Swali linalokuja mara kwa mara ni moja, ingawa kila anayeuliza huliuliza kwa maneno yake: kampuni imenipigia simu, au nimeona tangazo lake, inaahidi kulipunguza deni langu la kadi za mkopo hadi nusu, je, ni kampuni ya kuaminika? Jina la kampuni halitoshi kukupa jibu, kwa sababu zipo zinazobadilisha majina kila zinapoandamwa na malalamiko, na zipo zinazojipa majina yanayosikika kama ya idara za serikali. Kinachotoa jibu ni mwenendo wa fedha, yaani nani analipwa, analipwa lini, na nani mwenye mamlaka juu ya akaunti inayotunza akiba yako. Mwongozo huu umekusudiwa kwa mtu anayeishi Marekani na kudaiwa madeni yasiyo na dhamana, kama vile kadi za mkopo, mikopo binafsi na bili za hospitali.

Jambo moja lieleweke kwanza, kwa sababu wauzaji hupenda kulivuruga. Kampuni ya kupunguza madeni ni biashara ya faida: kwa kawaida hukushauri uache kuwalipa wanaokudai, uweke akiba kila mwezi, kisha baada ya miezi kadhaa hujadiliana nao wakubali kiasi pungufu. Shirika la ushauri wa mikopo, ambalo mara nyingi si la faida, hufanya kazi tofauti: unalipa deni lako lote, lakini kwa riba iliyoshushwa, kwa mpango wa miaka 3 hadi 5. Anayekupigia simu na kuyaita yote mawili "mpango wa nafuu" bila kueleza lipi ni lipi amekwisha kukupa sababu ya kumtilia shaka.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Orodha ya madeni yako yote, ikionyesha anayekudai, kiasi, riba na tarehe ya malipo yako ya mwisho kwa kila deni.
- Taarifa zako za mikopo kutoka kampuni zote tatu zinazotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, Equifax, Experian na TransUnion, ambazo hupatikana bila malipo kupitia AnnualCreditReport.com.
- Hesabu ya kweli ya mapato na matumizi yako ya mwezi.
- Jina kamili la kampuni kama lilivyosajiliwa kisheria, anwani ya ofisi yake na jimbo iliposajiliwa.
- Nakala ya mkataba mzima, ikiwa bado haina saini.
- Daftari la kuandikia tarehe ya kila mazungumzo, jina la uliyezungumza naye na alichokuambia.

Katika hatua hii usitoe namba yako ya Hifadhi ya Jamii wala ya akaunti ya benki. Kampuni inayosema haiwezi kukujibu swali lolote la jumla bila namba hizo inatafuta kitu kingine.

Hatua kwa hatua

1. Kata simu uliyopigiwa, kisha anza upya kwa mkono wako. Usimpime mtu kwa namba aliyokupa mwenyewe. Tafuta jina la kisheria la kampuni, pata namba yake ya ofisi kutoka chanzo kingine, kisha upige wewe. Ikiwa ujumbe uliorekodiwa ulikuambia kwamba kuna mpango mpya wa serikali wa kufuta madeni ya kadi za mkopo, huna haja ya kuendelea hata na hatua ya pili, kwa sababu mpango wa namna hiyo haupo.

2. Uliza ada inalipwa lini. Ingekuwa lazima nichague hatua moja tu katika mwongozo huu, ningechagua hii. Tangu tarehe 27 Oktoba 2010, kanuni ya mauzo kwa simu inayosimamiwa na Tume ya Biashara ya Shirikisho, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake FTC, inaikataza kampuni ya kupunguza madeni kupokea ada kabla ya kazi. Ni lazima mambo matatu yawe yametimia kwanza: kampuni iwe imepata mapatano ya angalau deni lako moja, wewe mwenyewe uwe umeyakubali mapatano hayo, na uwe umekwisha kumlipa anayekudai angalau malipo ya kwanza chini ya mapatano hayo. Kabla ya hapo, fedha inayoombwa kwa jina la "gharama ya kufungua faili", "malipo ya ukaguzi" au "amana ya usajili" bado ni ada ya mapema.

Hata baada ya deni la kwanza kumalizwa, kampuni hairuhusiwi kuchukua ada yote kwa mkupuo. Tuseme umeandikisha madeni manne, kila moja dola 5,000, na ada iliyokubaliwa kwa jumla ni dola 5,000. Deni moja likimalizwa, kampuni inaweza kudai robo ya ada, yaani dola 1,250, na zilizobaki zisubiri madeni mengine. Uliza swali hili kwa maneno haya haya: "Mkimaliza deni moja kati ya manne, mtanitoza kiasi gani siku hiyo?" Mwuzaji anayeijua kazi yake hukujibu kwa sentensi moja. Anayeanza kukueleza ukubwa wa kampuni na idadi ya wateja wake hajakujibu, basi rudia swali.

Ipo mbinu moja ya kuihepa kanuni hii ambayo unapaswa kuijua. Kwa kuwa kanuni inahusu mauzo ya simu, na mauzo ya ana kwa ana kwa kiasi kikubwa yako nje yake, baadhi ya kampuni humtuma mthibitishaji wa saini nyumbani kwako, akusomee karatasi kwa dakika chache na kukusainisha, ili baadaye idaiwe kwamba mlikutana uso kwa uso. Nyingine hujificha nyuma ya jina la ofisi ya wanasheria ambao mteja haonani nao kamwe. Ukiona mgeni anakuja na karatasi lakini hawezi kujibu swali lolote kuhusu yaliyomo, usisaini.

3. Uliza akiba yako itakaa wapi na nani anaishika. Kampuni inaweza kukutaka uweke fedha katika akaunti maalumu kila mwezi, na hilo peke yake si kosa. Hata hivyo, akaunti hiyo lazima iwe katika taasisi ya fedha yenye bima, fedha na riba yake ziwe mali yako, na msimamizi wa akaunti asiwe kampuni tanzu wala mshirika wa kampuni inayokuuzia huduma. Aidha, unayo haki ya kujitoa wakati wowote bila adhabu, na fedha zako zirudishwe ndani ya siku 7 za kazi, isipokuwa ada ambayo kampuni imekwisha kuistahili kihalali. Andika jina la benki na jina la msimamizi, kisha uwapigie wote wawili kuthibitisha kwamba akaunti za namna hiyo wanazo kweli. Uliza pia gharama ya mwezi ya kutunza akaunti, kwa kuwa wauzaji wengi huinyamazia.

4. Dai maelezo manne kwa maandishi. Kanuni hiyo hiyo inailazimisha kampuni kukueleza, kabla hujajiunga, mambo yafuatayo: huduma itagharimu kiasi gani, matokeo yatachukua muda gani, utahitaji kuwa umeweka akiba kiasi gani kabla ya kila anayekudai kupelekewa pendekezo, na madhara ya kuacha kuwalipa wanaokudai. Hilo la nne ndilo kipimo kizuri cha uaminifu. Kampuni ya kweli itakuambia bila kuulizwa mara mbili kwamba alama zako za mikopo zitashuka, kwamba riba na faini zitaendelea kuongezeka, kwamba unaweza kushtakiwa mahakamani, na kwamba hakuna anayekudai aliyelazimika kisheria kukubali mapatano. Ukiambiwa kwamba wanaokudai "tayari wamekubali" kabla hujaorodhesha hata deni moja, umedanganywa.

5. Piga hesabu wewe mwenyewe, kwa kalamu. Watu wengi huishia kwenye neno "nusu" na kudhani kwamba nusu ya deni imeokolewa. Chukua deni la dola 20,000 na ada ya asilimia 25 ya deni lililoandikishwa. Ada nyingi huangukia kati ya asilimia 15 na 25.

Mwanzoni hesabu inaonekana tamu: nusu ya deni ni dola 10,000, ongeza ada ya dola 5,000, unapata dola 15,000. Yaani hata kabla ya kitu kingine chochote, ulichookoa ni dola 5,000, wala si dola 10,000 zilizotajwa kwenye tangazo. Sasa kumbuka kwamba katika miezi ambayo hukuwa ukilipa, riba na faini zilikuwa zikiingia. Ikiwa deni limefika dola 23,000 siku ya mapatano, nusu yake ni dola 11,500. Pamoja na ada ni dola 16,500, na ulichookoa kimeshuka hadi dola 3,500. Halafu inakuja kodi. Deni lililosamehewa la dola 600 au zaidi kwa kawaida huripotiwa na aliyekudai kwa fomu 1099-C, na mamlaka ya kodi hulihesabu kuwa mapato. Kwa mtu anayetozwa kodi ya shirikisho ya asilimia 12, dola 11,500 zilizosamehewa zinaweza kuzaa kodi ya dola 1,380. Kilichobaki mkononi ni dola 2,120, kabla hujatoa gharama za akaunti za kila mwezi.

Sisemi kwamba hesabu hutoka hivi kila mara. Wapo wanaopata mapatano mazuri zaidi, na wapo ambao kodi hiyo haiwagusi kwa sababu madeni yao yalizidi mali zao. Mpelekee mwuzaji karatasi yako ya hesabu na umwombe aonyeshe ulipokosea. Atakavyoipokea karatasi hiyo kutakufundisha mengi kuliko nyota zilizopangwa kwenye tovuti yake.

6. Kagua leseni na malalamiko. Majimbo mengi huzitaka kampuni hizi ziwe na leseni, na mengine yameibana sana biashara hii, kwa hiyo wasiliana na ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo unaloishi, pamoja na idara ya jimbo inayosimamia huduma za fedha. Angalia jimbo lako, si jimbo ambako kampuni ina makao. Kisha tafuta jina la kisheria katika hifadhi ya malalamiko ya CFPB, ambayo ni ofisi ya shirikisho ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha, na katika matangazo ya kesi za FTC.

Daraja la Better Business Bureau, shirika binafsi linalozipa kampuni madaraja, lisikupumbaze, kwa sababu halikuambii kama wateja waliokoa fedha. Soma malalamiko yenyewe na utafute yanayojirudia. Mteja mmoja aliyekasirika si ushahidi mkubwa; ishirini wanaosema kwamba walilipa kwa mwaka mzima na hakuna deni lililoguswa, hao wanaeleza namna kampuni inavyofanya kazi.

Ukubwa wa kampuni nao si kinga. Mwaka 2017 CFPB iliishtaki Freedom Debt Relief, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa katika biashara hii, kwa madai yaliyohusu ada na namna ilivyowaeleza wateja kuhusu utayari wa benki kujadiliana. Mwaka 2019 shauri lilimalizwa kwa makubaliano ambayo kampuni ilitakiwa kurejesha dola milioni 20 kwa wateja na kulipa faini ya dola milioni 5.

7. Soma mkataba wote, hasa sehemu nne. Tafuta sehemu inayotaja ada na uhakikishe inalingana na ulichoambiwa kwa mdomo. Tafuta namna ya kuvunja mkataba. Tafuta kama unatoa mamlaka ya kisheria kwa kampuni kukubali mapatano bila kukuuliza. Na tafuta orodha ya madeni yaliyomo. Mkopo wa gari au wa nyumba ukiwemo katika orodha hiyo, simama, kwa sababu ukiacha kulipa deni lenye dhamana unaweza kupoteza mali yenyewe. Ikiwa Kiingereza cha mkataba kinakusumbua, mpe mtu unayemwamini aupitie kabla ya saini, wala usikubali ufafanuzi wa mwuzaji peke yake. Kilichosemwa kwenye simu na hakimo katika karatasi, kichukulie kwamba hakikusemwa.

8. Linganisha na njia nyingine kabla ya kuamua. Omba kikao na mshauri wa mikopo kutoka shirika lililo mwanachama wa National Foundation for Credit Counseling, umoja uliopo tangu mwaka 1951, au kutoka orodha ya mashirika yaliyoidhinishwa na ofisi ya United States Trustee ya Wizara ya Sheria. Hata hapo uliza ada, kwani kutokuwa la faida hakulifanyi shirika kuwa la bure. Ikiwa madeni yako yamekuzidi kabisa, zungumza na mwanasheria kuhusu ufilisi. Watu huogopa neno hilo, lakini kwa wengine huwa njia fupi na nafuu kuliko kukaa miaka kadhaa ndani ya mpango wa kupunguza madeni. Tena usisahau kwamba unaweza kuipigia benki mwenyewe na kuomba mpango wa dharura au mapatano. Huhitaji kibali cha kampuni yoyote kufanya hivyo.

Makosa yanayofanywa mara nyingi

Kosa la kwanza ni kuacha kulipa madeni ili "kujiandaa" kabla hata ya kuichagua kampuni. Benki nyingi huliandika deni la kadi kuwa hasara baada ya siku zipatazo 180 za kutolipwa, na kumbukumbu ya deni hilo hukaa katika taarifa zako hadi miaka 7. Usiingie huko kwa sababu ya mazungumzo ya simu tu.

La pili ni kumlipa mtu akushughulikie mikopo ya elimu ya shirikisho. Kubadili mpango wa malipo ya mikopo hiyo hufanywa bure kupitia StudentAid.gov, tovuti ya serikali ya shirikisho, na nywila ya akaunti yako ya huko haipaswi kumfikia mtu mwingine.

La tatu ni kukubali haraka. "Ofa inaisha leo" ni sababu tosha ya kusubiri hadi kesho.

Ukikwama

*Nimekwisha kusaini na nimetozwa ada kabla ya deni lolote kumalizwa.* Andika barua ya kuvunja mkataba, itume kwa njia yenye ushahidi wa kupokelewa, na uombe salio lako kwa msimamizi wa akaunti. Iambie benki yako isitishe makato yajayo. Fanya hivyo angalau siku 3 za kazi kabla ya tarehe ya makato. Kisha peleka malalamiko kwa ReportFraud.ftc.gov na kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo lako, ukiambatisha kumbukumbu za daftari lako.

*Nimepokea hati ya mahakama, na kampuni inaniambia niipuuze.* Usiipuuze hata kidogo. Hati hutaja muda wa kujibu, ambao mara nyingi ni wiki chache tu, na usipojibu aliyekushtaki anaweza kupata hukumu bila wewe kusikilizwa, kisha akaomba sehemu ya mshahara wako ikatwe. Tafuta msaada wa kisheria wa bure katika jimbo lako siku hiyo hiyo.

*Wakusanya madeni wananipigia simu kuhusu deni nisilolijua.* Chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1977 inayodhibiti ukusanyaji wa madeni, unaweza kulipinga deni kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu upokee taarifa yao, nao wanatakiwa kusimamisha ukusanyaji hadi wakutumie uthibitisho. Usilipe hata kiasi kidogo "kuonyesha nia njema" kabla ya kuuona, kwa sababu katika baadhi ya majimbo malipo madogo huweza kulifufua deni ambalo muda wake wa kudaiwa mahakamani ulikwisha kupita.

*Fomu 1099-C imefika na sina uwezo wa kulipa kodi hiyo.* Linganisha jumla ya madeni yako na jumla ya mali zako kama vilivyokuwa kabla tu ya deni kusamehewa. Ikiwa madeni yalizidi, sehemu au msamaha wote unaweza kuondolewa katika mapato kwa kujaza fomu 982. Mwombe mtayarishaji wa kodi aijaze pamoja nawe.

*Kampuni imekataa kunipa mkataba hadi nisaini kwanza kwenye simu.* Basi upimaji umekwisha, na hujapoteza kitu.

*Kampuni imepita hatua zote, lakini bado nasita.* Rudi kwenye hesabu ya hatua ya 5, iweke kando ya pendekezo la mshauri wa mikopo, na uangalie ipi unaweza kuilipa kila mwezi hadi mwisho bila kukosa. Ikiwa malipo ya mwezi ya kampuni yanakushinda hata sasa, kabla ya dharura yoyote kutokea, usijiunge nayo, hata kama ni ya halali kwa kila kipimo.